Polisi na Upelelezi wa Ulaghai

Muhula wa pili wa mwaka 2025 chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, "Serikali iwaongezee adhabu walaghai wa simu." Ukumbi ulijaa hata wengine wakasimama madirishani. Mimi nilipewa kazi ya kuipinga hoja hiyo, nami nilishindwa vibaya sana. Mwenyekiti hakuona hata haja ya kuhesabu kura mara ya pili. Kushindwa katika mdahalo si aibu. Lakini dakika saba ni chache mno kwa jambo lenye marefu na mapana kama hili, na kengele ilinikata nikiwa bado mlangoni. Basi namshukuru Bwana Mhariri kwa kunipa nafasi hii nimalize maneno yangu.

Msidhani kwamba nawaonea huruma walaghai. Walikuwa karibu kunitoa shuleni.

Mwishoni mwa Januari 2025 mama yangu aliuza kahawa. Kwetu ni mlimani, upande wa mashariki ya Uganda, na kahawa ndiyo karo, ndiyo sare, ndiyo chumvi. Mnunuzi alimlipa kwa simu, kama wafanyavyo wengi siku hizi, maana hakuna apendaye kushuka mlima na fedha mfukoni. Siku mbili baadaye ulimfikia ujumbe uliosema kwamba namba ya kulipia karo imebadilishwa, na wazazi walipe kwa namba mpya. Kabla hajamaliza kuusoma, simu ikalia. Mwanamume mmoja, mpole kabisa, akamwambia, "Mama, mimi ni msaidizi wa mhazini wa shule ya kijana wako," akamtajia jina langu na kidato changu. Mama akatuma shilingi 780,000. Ilikuwa yapata saa tatu na robo asubuhi. Saa nane mchana alimpigia mhazini mwenyewe kuuliza kama fedha zimefika, naye mhazini akawa hana habari yo yote.

Kesho yake mimi na mjomba tukaenda polisi. Kituo chenyewe sikitaji, wala si shabaha yangu kukisema vibaya. Konstebo wa mapokezi aliandika maelezo yetu kwa mwandiko mzuri, akatupa namba ya faili, mjomba akaiandika nyuma ya stakabadhi ya kahawa. Kisha tukapelekwa kwa mpelelezi.

Mjomba ni mtu wa hasira. Alisema, "Afande, namba ya mwizi hii hapa. Mpigie umkamate."

Mpelelezi hakukasirika. Alitugeuzia kiti, akatuonyesha rafu iliyojaa mafaili, akasema, "Mzee, haya yote yana namba ya mwizi." Halafu akachukua karatasi akatuchorea kazi yenyewe ilivyo. Kwa kuwa katika mdahalo sikuona mtu aliyeijua kazi hiyo, nami nilikuwa siijui kabla ya siku ile, nitaieleza hapa.

Namba ya simu si mtu. Ili kujua ni ya nani, mpelelezi lazima apate habari kutoka kwa kampuni ya simu, na kampuni haiwezi kutoa siri za wateja wake kwa kila aulizaye. Yataka amri ya mahakama. Kwa hiyo mpelelezi aandike hati ya kiapo, mkuu wake aitazame, iende kwa hakimu, hakimu aisome akiwa na nafasi kati ya kesi zake nyingine. Amri ikitoka hupelekwa Kampala, ambako kampuni ina makao yake. Majibu yakirudi huonyesha jina la mwenye laini, na namba ambazo fedha zilipitia, na wakala aliyezitoa. Ndipo safari huanza upya, maana kama fedha zilipita katika laini tatu, kila laini ina mwenyewe, na pengine kila mmoja yuko katika kampuni nyingine, na kila kampuni yataka amri yake. Kisha aendewe wakala, aulizwe kama anamkumbuka mtu aliyefika kwake saa fulani, wiki kadhaa zilizopita, siku ya soko. Idara nzima ya upelelezi ya kituo kile ilikuwa na pikipiki moja. Siku tuliyofika haikuwa na mafuta.

Majibu ya kampuni yalirudi baada ya wiki saba. Fedha za mama zilikuwa zimetolewa zote dakika kumi na moja baada ya kutumwa.

Zingatieni hesabu hiyo: dakika kumi na moja kwa wiki saba. Mlaghai anakwenda kwa mwendo wa umeme na mpelelezi anakwenda kwa mwendo wa barua. Na yule mwenye laini? Alikuwa bibi kizee wa wilaya nyingine, ambaye kijana mmoja alimwendea na kumwambia aweke kidole ili aandikishwe kupata msaada. Kidole kiliwekwa, msaada haukuja, na laini ikasajiliwa kwa jina lake. Usajili wa laini ulianza hapa Uganda mwaka 2012, na mwaka 2017 serikali ikadai kila laini ifungamane na kitambulisho cha taifa. Ni hatua njema, lakini inatambua kidole tu; haitambui aliyeishika simu.

Sasa turudi kwenye hoja ya mdahalo. Wenzangu walidai adhabu iongezwe, tena mmoja alitaka kifungo cha maisha, akapigiwa makofi. Je, walijua adhabu iliyopo? Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya Uganda ilianza kutumika mwaka 2011, miaka miwili tu baada ya kampuni ya kwanza kuanza huduma ya pesa za simu nchini mwezi wa Machi 2009. Sheria hiyo ina kosa la ulaghai wa kielektroni, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka kumi na mitano, au faini, au vyote viwili. Miaka kumi na mitano si mchezo. Mtu aliyezaliwa siku mlaghai anafungwa atakuwa sekondari siku anapotoka. Lakini mlaghai aliyempigia mama hakuhesabu miaka, alihesabu dakika, akajua kwamba katika dakika zile hakuna atakayemfikia. Ukiifanya miaka kumi na mitano kuwa hamsini, hesabu yake haibadiliki hata kidogo. Hilo ndilo nililotaka kusema kengele ilipolia.

Tena sheria ile ile ya 2011 ina kitu kizuri ambacho hakuna aliyekitaja mdahaloni. Mpelelezi anaweza kumwomba hakimu amri ya kuhifadhi, yaani kampuni iagizwe isifute wala isibadilishe habari fulani zilizomo katika mitambo yake, na amri nyingine ya kuzitoa. Watunga sheria waliona mapema kwamba ushahidi wa namna hii huyeyuka kama barafu. Wakaandika vema. Ila amri haijiandiki yenyewe. Yahitaji mtu aliyefundishwa kuiandika, karatasi, hakimu aliye karibu, na chombo cha kumfikisha huko. Makao makuu ya upelelezi wa jinai yako Kibuli, Kampala, na huko wamo wajuzi wa mambo ya kompyuta. Kutoka kwetu ni safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Mlaghai wa simu, kwa upande wake, yuko kila kijiji chenye mtandao.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba sheria zetu zimekamilika, na kwamba upungufu ni wa mafuta ya pikipiki tu. Mpelelezi alituambia habari nyingine iliyonishangaza zaidi. Alisema, "Kesi yenu ni ngumu kwa miguu, lakini kwa sheria ni nyepesi. Ninayo nyingine ambayo ni nyepesi kwa miguu, mtu namjua na nyumba yake naijua, lakini sheria inanishinda."

Kulikuwa na mtu aliyepita vijijini akikusanya fedha za miche ya kahawa. Aliwaambia wakulima, "Mvua zikianza nitawaletea miche bora." Alisema kweli jina lake, alisema kweli anakokaa, na risiti alitoa. Mvua zikaja, miche haikuja. Wakulima walipomshitaki, mwendesha mashtaka aliirudisha faili akisema hilo ni deni, waende mahakama ya madai. Mkulima aliyetoa shilingi elfu arobaini hawezi kuweka wakili wa madai. Basi mtu yule anatembea sokoni mchana kweupe.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu Kanuni yetu ya Adhabu inasema kwamba udanganyifu wa kujipatia mali ni kudai jambo lisilo la kweli, jambo lililopita au lililopo. Haitaji jambo lijalo. Aliyesema, "Mimi ni msaidizi wa mhazini," alisema uongo juu ya jambo lililopo, na sheria inamshika. Aliyesema, "Nitawaletea miche," alitoa ahadi, na ahadi iliyovunjwa, hata kama moyoni hakukusudia kuitimiza tangu mwanzo, inaponyoka katikati ya maneno ya kifungu hicho. Wenye busara watasema ni haki, maana tukimfunga kila asiyetimiza ahadi, magereza hayatatosha na wafanyabiashara watakwisha. Kweli. Lakini yuko mtu aliyeshindwa, na yuko mtu aliyeahidi huku akijua hatatenda, na hawa wawili si mamoja.

Hapa hatuna budi kusafiri mbali kidogo, maana maneno hayo ya sheria hayakuzaliwa kwetu. Kanuni ya Adhabu ya Uganda ilianza kutumika tarehe 15 Juni 1950, wakati wa ukoloni, nayo ilichukua fikira zake kutoka sheria ya Kiingereza. Huko Uingereza kujipatia mali kwa udanganyifu kulifanywa kosa kwa sheria ya mwaka 1757. Kabla ya hapo, aliyekudanganya hata ukampa mali yako kwa mikono yako hakuhesabiwa mwizi, ila kama alitumia vyombo vya kuwadanganyia watu wote, kama vile mizani ya uongo. Baada ya 1757 mahakama zao zilishikilia kwamba uongo huo lazima uwe wa jambo lililopita au lililopo. Mwaka 1955 mahakama yao ya rufani za jinai ilithibitisha tena kwamba ahadi ya jambo lijalo si udanganyifu mbele ya sheria ya jinai.

Wao wenyewe wakaona tundu hilo ni kubwa. Katika Sheria ya Wizi ya mwaka 1968 waliandika kwamba udanganyifu waweza kuwa hata juu ya nia aliyo nayo mtu wakati ule anaposema. Yaani, ukiahidi miche na moyoni huna nia ya kuileta, umedanganya juu ya jambo lililopo, nalo ni nia yako. Ni maneno machache tu yaliyoongezwa. Sisi tulibaki na nguo waliyoivua.

Lakini hawakuwa wamefika. Nitasimulia kesi moja ambayo mwalimu wetu wa uchumi alitueleza, nami sikulala usiku ule kwa kuiwaza. Watu watatu walipata mikopo ya kununulia nyumba kwa kusema uongo katika maombi yao. Maombi yalikuwa zaidi ya 40. Mahakama za chini ziliwatia hatiani. Wakakata rufani hadi Baraza la Malodi, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahakama ya mwisho, na mwezi wa Julai 1996 malodi wakafuta hukumu zao.

Ilikuwaje? Fikirini daftari la mwenye duka. Ukurasa mmoja ni wangu, umeandikwa kwamba mwenye duka ana shilingi zangu mia. Ukurasa mwingine ni wako. Nikimwambia akupe wewe zile mia, yeye hatoi sarafu kwenye sanduku langu na kuitia kwenye lako. Anafuta kwangu, anaandika kwako. Je, ni kitu gani kilichotoka kwangu kikafika kwako? Hakuna. Kile nilichokuwa nacho, yaani haki ya kumdai mwenye duka mia, kimekufa. Ulicho nacho wewe ni haki mpya, iliyozaliwa ikiwa yako, wala haikuwa yangu hata siku moja. Benki nazo ni madaftari ya namna hiyo. Sheria ya 1968 ilisema mshtakiwa awe amejipatia mali iliyo ya mtu mwingine. Malodi wakasema fedha zikihamishwa kwa mitambo kutoka akaunti hadi akaunti, mali ya mwingine haikupatikana, kwa kuwa iliyokuwako imekwisha na iliyopo ni nyingine.

Wanafunzi wa hesabu watacheka, lakini mantiki yake haina kasoro. Bunge lao lilitunga sheria ya kuziba tundu hilo kabla mwaka huo wa 1996 haujaisha. Baadaye Tume yao ya Sheria iliyatazama mambo yote upya, ikatoa taarifa mwaka 2002, na mwisho ikapatikana Sheria ya Ulaghai ya mwaka 2006, iliyoanza kazi tarehe 15 Januari 2007 katika England, Wales na Ireland ya Kaskazini. Hiyo haiulizi tena kama mali ilihama, wala kama kuna mtu aliyedanganyika. Inauliza kama mshtakiwa alisema uongo kwa hila, akikusudia kupata faida au kumtia mwingine hasara. Uongo juu ya nia umo. Uongo ulioambiwa mashine badala ya mtu nao umo. Kifungo chake hakizidi miaka kumi, pungufu ya ile kumi na mitano yetu.

Kwa bahati njema sheria yetu ya 2011 haikuanguka katika shimo la mwaka 1996, kwa sababu ulaghai wa kielektroni umeelezwa humo kuwa ni hila ya kupata faida isiyo halali kwa njia ya mtandao, bila kuuliza mali ilihama vipi. Basi tuna ajabu hii: uongo uliosemwa kwa simu una sheria mpya na miaka kumi na mitano, uongo uliosemwa uso kwa uso chini ya mwembe una sheria ya 1950 na miaka mitano, tena ukiwa ni uongo wa kesho hauna sheria kabisa. Laiti mtu wa miche angetuma ahadi zake kwa ujumbe wa simu! Mpelelezi alicheka alipolisema hilo, mjomba hakucheka.

Sasa nawaomba msichoke, maana hapa ndipo penye kiini. Waingereza walipata sheria nzuri mwaka 2006. Je, walaghai walikwisha? Mwezi wa Mei 2023 serikali yao wenyewe iliandika katika mpango wake wa kupambana na ulaghai kwamba makosa hayo yamezidi asilimia 40 ya makosa yote ya jinai katika England na Wales, na kwamba nguvu za polisi zinazotumika kuyapeleleza hazifiki asilimia 1. Someni tena. Katika kila makosa kumi, manne ni ulaghai. Katika kila askari mia, hapatikani hata mmoja kamili wa kuushughulikia. Na hiyo ni nchi tajiri, yenye barabara za lami na mafuta katika kila pikipiki. Walikuwa na kalamu, wakasahau mikono.

Si kwamba hawakujua mikono inavyofaa. Katika miaka ya 1980, baada ya kamati iliyoongozwa na Lord Roskill kutoa ushauri wake mwaka 1986, waliunda ofisi maalumu ya ulaghai mkubwa, iliyoanza mwaka 1988. Humo waliwekwa pamoja wanasheria, wahasibu na wapelelezi, wafanye kazi ya faili moja kwa wakati mmoja. Ni fikira njema sana, maana askari peke yake hawezi kusoma vitabu vya hesabu, na mhasibu peke yake hawezi kumhoji mtuhumiwa. Lakini ofisi ile ilikusudiwa kwa mamilioni. Mjane aliyeibiwa akiba yake alibaki na kituo cha mtaani.

Katika mpango huo wa 2023 waliahidi wapelelezi wapya 400. Tena wakafanya jambo ambalo mimi nalipenda kuliko yote: waligeuka upande wa mabenki. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu wa Uingereza aliyedanganywa hata akatuma fedha zake kwa mlaghai kwa njia ya benki hurudishiwa, hadi pauni 85,000, na gharama hugawanywa nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na benki iliyopokea. Hiyo iliyopokea ndiyo iliyomfungulia mlaghai akaunti. Alipojua kwamba atalipa, mwenye mlango akaanza kutazama nani anaingia. Tarehe 1 Septemba 2025 ikaanza sheria nyingine, kwamba kampuni kubwa ambayo watu wake wanafanya ulaghai kwa faida yake inaweza kushtakiwa kwa kutouzuia.

Mwenzangu mmoja aliponisikia nikiyasema haya bwenini alisema, "Hayo ni ya wenye nazo. Uganda itapata wapi fedha?" Nami namjibu hivi. Mwezi wa Februari 2020 nchi yetu iliwekwa katika orodha ya nchi zinazochunguzwa kimataifa kwa ulegevu wa kuzuia fedha haramu. Kuwamo katika orodha hiyo huwapa taabu wafanyabiashara na mabenki, na serikali haikulala. Mwaka 2022 sheria za fedha haramu na za makampuni zilirekebishwa, hata kampuni zikatakiwa kuonyesha mwenyewe wa kweli ni nani. Februari 2024 tukatolewa katika orodha. Kumbe ikitakiwa, nguvu hupatikana. Tofauti ni kwamba mkulima aliyeibiwa 780,000 hana wa kumwekea mtu orodha.

Ningeulizwa, ningesema kila wilaya iwe na wapelelezi wawili waliofundishwa kazi hii, wasigeuzwe kulinda mikutano kila wiki, nao wapewe fungu lao la usafiri. Ningesema kifungu kile cha 1950 kiongezwe neno la nia. Lakini zaidi ya yote ningetaka saa ya kwanza iokolewe: mtu akipiga kelele kwamba ameibiwa, fedha zile zisimamishwe zilipo kwa saa chache, hadi hakimu wa zamu atoe neno lake, hata kwa simu.

Hilo la mwisho lilinipatia pingamizi kali kutoka kwa msemaji wa pili wa upande wa pili, na ndilo pingamizi pekee mdahaloni lililonitoa jasho. Alisema, "Ukimpa askari uwezo wa kuzuia fedha za mtu, kesho atazuia za adui yake." Sikuweza kulidharau. Sheria hiyo hiyo ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 25, juu ya maneno ya kuudhi, ambacho kilitumika kuwashika watu waliosema wasiyopenda wakubwa, hata Mahakama ya Katiba ikakifuta mwezi wa Januari 2023. Chombo kilichoundwa kwa wezi kinaweza kuelekezwa kwa wasio wezi. Ndiyo maana nasema saa chache na si siku, na hakimu na si askari, na aliyezuiliwa bila sababu alipwe hasara yake. Kama ninyi mna njia bora, ukurasa huu uko wazi.

Mama alikopa kwa chama cha akina mama, na mkuu wa shule alikubali tulipe kwa mafungu. Fungu la mwisho la muhula wa kwanza tulilimaliza mwezi wa Julai. Siku hizi mama akipokea ujumbe wo wote wa shule humpigia kwanza mhazini, kisha hunipigia mimi kwa simu ya mwalimu wa bweni, hata kama ni ujumbe wa siku ya wazazi.

Likizo ya Agosti nilikwenda tena kituoni na ile stakabadhi ya kahawa. Mpelelezi wetu alikuwa amehamishwa. Aliyemrithi, kijana tu, pengine ananizidi miaka mitano, alilitafuta faili kwa muda mrefu katika rafu, akalipata, akapangusa vumbi. Amri ya hakimu kwa ajili ya laini ya pili ilikuwa imo ndani, imetiwa sahihi tangu Mei, haijapelekwa Kampala. Aliisoma, akanitazama, akavuta kiti na kalamu, akasema, "Haya, ndugu yangu, nieleze tangu mwanzo."